Kidude cha Mkononi

Mpakiaji wa ghala alipanda basi la asubuhi akifoka, akakaa karibu na mama mmoja mshonaji.

"Eti tutiwe kidude chini ya ngozi ya mkono, bosi ajue tulipo, hata chooni! Mimi ng'ombe wa kupigwa chapa?"

Nusu ya basi tuliacha simu zetu tukasikiliza.

"Mwanangu," mshonaji alimjibu, ingawa hawakujuana, "baba yangu alipoteza kumbukumbu. Alitoka kununua wembe, asirudi. Siku ya tatu tukamkuta mtaroni, keshakufa. Angekuwa nacho, tungemwahi."

Mpakiaji alishusha sauti. "Pole sana, mama. Lakini baba ulimtafuta kwa sababu unampenda. Hawa wananitafutia nini? Nimewauliza, nikiacha kazi mtakitoa? Wakaniambia nisaini kwanza."

Mshonaji akasonya. Nami nikasonya, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Basi usisaini!"

"Mwisho ni leo. Nisiposaini, sina kazi."

"Wasikuguse, nakwambia! Ila baba yangu..." Mama alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Baba yangu ningemtia hicho kidude kwa mkono wangu mwenyewe."

Basi likasimama mbele ya ghala. Mpakiaji aliinuka, akashusha mikono ya sweta hadi kwenye vidole, akateremka.