Maprofesa na Faru wa Josephati

Kijiwe cha Mama Skola kipo nyuma ya pale wanapooshea magari ya watalii, Karatu mjini, na benchi lake ni siti ya nyuma iliyong'olewa kwenye Landrova kuukuu. Josephati, dereva wa watalii, anakaa kushoto. Raphael, dereva mwenzake, anakaa kulia. Katikati yupo Olais, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Loliondo, ambaye siku hizi amegeuzwa ukuta. Madereva hawa walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, mpaka siku Josephati alipotangaza kwenye redio ya gari kwamba ameona faru. Raphael akaivuka Kreta nzima, lile bonde la wanyama, na wageni wake, vumbi mpaka kwenye meno, akakuta nyati amelala. Tangu hapo, kimya. Na Jumapili hii mtoto wa Josephati anabatizwa, na msimamizi aliyekubali zamani ni huyohuyo Raphael. Jamani, Josephati halali.

Asubuhi hiyo redio ya Mama Skola ikatangaza kuwa maprofesa wa vyuo vikuu wametoa tamko: huko ng'ambo mabomu yasimamishwe, na pande mbili zirudi kwenye mazungumzo.

— Wamesema vizuri, — alisema Mama Skola akimimina kahawa. — Ila mtu anayerusha bomu anasoma tamko saa ngapi?

— Kwetu, — alisema Olais, — ukikosana na mtu unashika majani mabichi mkononi. Akiyaona, hakupigi. Hao maprofesa wangeenda na majani.

— Olais, mwambie huyo jirani yako wa kulia, — alisema Josephati, — kwamba majani ya mkononi hayaonekani kutoka angani. Yajazwe kwenye ndege zenyewe, yamwagwe badala ya mabomu!

— Olais, mwambie wa kushoto, — alijibu Raphael, — yakimwagwa hayo, ng'ombe wako watafika kabla ya amani.

— Ng'ombe wangu waacheni! Na mimi si simu, semeni wenyewe!

Hakuna aliyemsikiliza.

— Dawa ni moja, — Raphael aliendelea. — Wakubwa wa pande zote wapakiwe gari moja, wapelekwe Kreta. Kule hairuhusiwi kushuka garini ovyo. Mlango haufunguliwi mpaka wakubaliane.

— Mwambie hapo kasema! — Josephati aliruka, nusura amwage kahawa. — Anayesusa ashuke, akasuse mbele ya simba!

Raphael akacheka, akakumbuka kwamba amenuna, akaziba mdomo kwa kikombe. Josephati alikiona kicheko hicho. Alikuwa amekikosa mno.

— Na dereva awe nani? — aliuliza Mama Skola.

— Si huyo wa kushoto. Atawaonyesha nyati, awaambie ndiyo amani.

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Josephati naye alicheka, ingawa masikio yalimwaka moto.

Penina, mwalimu aliyehamia juzi kutoka Moshi, alikuwa amesimama pembeni akisubiri kahawa yake.

— Samahanini, — alisema. — Wakishafungiwa ndani ya hilo gari, nani anaanza kumsalimia mwenzake?

Olais akatazama mawingu. Mama Skola akabaki ameshika birika bila kumimina. Kwa umri, Raphael ndiye mdogo, na miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiamkia. Kwa kosa la faru, wa kuanza ni Josephati. Redio nayo haikusaidia, ilishahamia kwenye matangazo ya mbolea.

Josephati akainuka. Akang'oa majani kando ya mtaro, akaja kusimama mbele ya Raphael.

— Maprofesa wameshasema, — alisema. — Raphael, shikamoo.

— Weee! — Mama Skola alipiga kelele. — Mkubwa anamwamkia mdogo!

Raphael akamtazama, akayatazama majani, mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

— Marahaba, mwanangu. Olais, hebu sogea huko, mwenye nafasi yake amerudi. Haya, Jumapili misa ni saa ngapi?