Picha Moja Tu

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawajawahi kukiri kwamba kuna jambo wasilolijua. Asubuhi hiyo Fundi Cherehani alifika amenuna. Binti yake wa miaka saba alikuwa hospitali na mama yake, akitibiwa uvimbe wa kichwani kwa mionzi. Kila siku, kabla ya tiba, hupigwa picha ili mashine ilenge panapotakiwa. Na picha zenyewe nazo ni mionzi. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi baba wa watu.

— Kesho haendi, akasema. Tiba mionzi, picha mionzi! Mtoto mdogo vile?

— Picha kila siku? akadakia Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata foleni. Na hujatuonyesha hata moja! Anatabasamu lakini?

— Si picha za harusi, we!

— Mimi nawaambia chaji haipotei, akasema Betri, fundi simu. Inabaki mwilini. Usiku atawaka, mtazima taa.

— Akipita tu, redio inashika stesheni za ng'ambo! akadakia Waziri.

— Na simu zinajaa zenyewe! Mimi nafunga kibanda, jamani.

— Huyo mnayemcheka ni mwanangu, akasema Fundi Cherehani.

Wakaona haya, wakainamia vikombe vyao vya kahawa. Ndipo mama na binti wakatokea, wakitoka hospitali, mtoto na kofia yake ya sufu.

— Shikamooni! Baba, leo picha moja tu!

— Marahaba, mama. Moja kivipi?

— Akijitikisa wanarudia, mama mtu akaeleza. Wenzake wengine hulazwa kwa dawa ya usingizi. Huyu katulia tuli, wakalenga mara moja, hakuna mionzi ya kurudia. Dada wa mashine kaita wenzake waje wamwone!

Fundi Cherehani akasikia kifua kinamjaa. Alitaka kucheka, akajikuta anafuta machozi.

— Mmesikia? Tuli! Damu yangu hiyo!

— Kutulia tu? Waziri akajikausha. Hata mimi…

Nzi akamtua puani. Akajipiga kofi, benchi likayumba, Betri akamwagikiwa kahawa.

— Wewe ungepigwa picha mpaka jioni, mtoto akamwambia.

Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

— Baba yako anasema kesho huendi, Betri akachongea.

Mtoto akawatazama mmoja mmoja.

— Nisiende kwa nini?

Betri akajitia kufuta kahawa. Waziri mwenyewe akajitia kunyoosha tofali la benchi.

— Nani kasema huendi? akafoka Fundi Cherehani, akiwakazia macho wenzake. Kesho nakupeleka mwenyewe!