Tsevelmaa na Mbale Iliyohama

Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba 2024, Bi. Kh. Tsevelmaa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya ujiolojia katika Mgodi wa Shaba wa Ulaan Khad.

Kila asubuhi aliteremka shimoni kabla ya mitambo kuwashwa, akachora mipaka kwa rangi: huku mbale, mawe yenye shaba, iende kiwandani, kule magwangala, mawe yasiyo na shaba, yakamwagwe. Madereva walimwogopa kuliko askari wa barabarani. Aliyekosea mpaka alirudi kuzoa mzigo wake.

Yeye naye alikosea. Mfukoni alichanganya mawe na vipande vya jibini kavu, na siku moja maabara ikapokea jibini ndani ya mfuko wa sampuli. Majibu yalirudi na mhuri: shaba hakuna, mafuta mengi.

Mwaka 2011 utani uliisha. Mbale ilikatika ghafla kwenye ukuta wa magharibi, na mkuu wa mgodi, Bw. Gombosuren, akaanza kuandaa orodha ya watu mia sita wa kupunguzwa. Tsevelmaa hakubishana naye. Alijifungia siku kumi na moja katika banda la sampuli, kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, akiosha kwa maji ya moto vipande vya mwamba vilivyochorongwa zamani kutoka chini ardhini kwa mtambo wa kutoboa. Mimi, msaidizi wake, nilikuwa naandika vipimo, na wino uliganda kabla ya vidole. Katika utepe wa udongo laini aliona mikwaruzo iliyoelekea kusini. Mwamba ulikuwa umeteleza. Mbale haikuisha, ilihamia kusini.

Alipewa mashimo matatu ya kuchoronga. Mawili yalitoka matupu.

Bw. Gombosuren akamwambia, "Dada, limebaki moja. Likitoka tupu, wewe ndiye utakayewaambia watu."

"Nitawaambia," akajibu. "Chorongeni kwanza."

Kwenye mita 212 mwamba ulitoka uking'aa manjano, rangi ya mbale ya shaba. Tsevelmaa alikaa juu ya sanduku, akaomba chai, kisha akalia hadi chai ikapoa. Miaka kumi na mitatu sasa tunakula kutoka kwenye mbale ile.

Anahamia mkoani Arkhangai, kwa mumewe na farasi wao. Dada Tsevelmaa, ahsante kwa macho yako na kwa ukaidi wako. Farasi wanenepe, magoti yapone, na ukipanda kilima safari hii, panda tu. Nyundo yako ya kupasulia mawe tumeificha.