Nyumba za Watu Kwenye Simu ya Lemein

Benchi yetu iko kando ya duka la simiti hapa Kitengela, mahali Nyakio huuza kahawa ya tangawizi mpaka birika likauke. Tunaokaa hapo hatujengi, lakini kila anayejenga lazima apite kwetu kwanza. Jumamosi hiyo alipita Lemein, muuza mbuzi, mtu mpole ambaye amengoja kujenga tangu aoe.

Simu yake ilijaa picha za nyumba za watu. Makena, msichana anayemchorea ramani, alikuwa amemwambia azunguke atafute nyumba anazopenda, ndio aanze kuchora. Lemein alienda Kiserian akapata paa, Namanga akapata madirisha ya duara, Gataka akapata nguzo. Balkoni aliipata hapa hapa, nyuma ya sheli ya petroli, na ilibidi apande juu ya jiwe ndio ukuta usimzuie kuona.

Gitonga, ambaye tunamwita Dubai kwa sababu alifanya kazi huko, alisema nguzo ziwe nne mbele, mtu akizipita apunguze sauti. Maweu, ambaye tunamwita Waziri bila sababu yoyote, alisema nguzo peke yake zitafanya watu wadhani ni kanisa, kwa hivyo ziwekwe ngazi za kuzunguka, zianzie getini. Dubai akaongeza chemchemi ndani ya sebule. Waziri akamkumbusha kwamba sisi wote hununua maji ya lori. Dubai akasema basi ijengwe bila maji, mgeni akiuliza aambiwe inaoshwa. Walipofika kwenye uwanja wa helikopta juu ya paa, Waziri aliomba tu usiwe karibu na chumba cha wageni, kwa sababu yeye ndiye atalala hapo.

Sisi wengine tulicheka. Lemein alikuwa anaitikia kwa kichwa, na nilimwona usoni kwamba anaamini yote.

Hapo mama mmoja akasimama mbele yetu, akageuza simu yake Lemein aone.

— Huyu si wewe?

Ilikuwa picha kutoka kundi la WhatsApp la majirani: Lemein juu ya jiwe, shingo imenyooka, na chini yake onyo kwamba kuna mtu anachunguza boma la Mama Rahab. Mama Rahab mwenyewe ndiye alikuwa amesimama hapo. Dubai alisogea polepole mpaka mwisho wa benchi, kama mtu asiyemjua Lemein.

— Ni mimi, mama. Sikuwa na nia mbaya. Nilipenda balkoni yako.

Akamwonyesha picha ya balkoni, kisha nguzo, kisha madirisha. Rahab aliziangalia moja moja. Hasira ilimtoka kidogo kidogo, mpaka akaketi na kupokea kahawa kutoka kwa Nyakio.

— Na kati ya hizi zote, mmewahi kuingia ndani ya ipi?

Waziri alikohoa. Dubai aliangalia barabara.

— Basi njoo uone hiyo balkoni.

Alimwalika Lemein peke yake, lakini tulienda wote. Mlango wa balkoni ulikuwa umekwama kwa vumbi. Rahab alisema upepo wa huku uliwafukuza hapo mwezi wa kwanza tu baada ya kuhamia. Familia yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya kibaraza kidogo karibu na jikoni, ambacho fundi alikiweka kwa sababu mabati yalibaki. Bwanake alikuwa anaambua maganda ya minji pamoja na mamake, redio ikiongea, na hata hawakusimama. Walitusogezea viti tu.

Lemein aliketi. Aliangalia mabati juu ya kichwa chake, halafu akauliza swali lake la kwanza tangu asubuhi.

— Mama, upepo wa huku hutoka upande gani?

Rahab akanyoosha mkono kumwonyesha. Waziri akafungua mdomo kuongeza wazo lake, na Dubai akamkanyaga mguu anyamaze.