Bi Twende Aaga Chumba cha Mazoezi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtaalamu wetu wa fiziotherapia, ambaye wagonjwa wote humwita Bi Twende, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alijitafutia mwenyewe: hakuna mgonjwa aliyewahi kuingia chumba cha mazoezi akapata hata nafasi ya kukaa kabla ya kuambiwa, "Haya, twende!"

Alianzia wodi ya mifupa, kisha akahamia kliniki ya mishipa ya fahamu. Huko akakutana na wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mikono na kufupisha hatua. Aliwafokea kama shangazi yao, nao wakampenda hivyo hivyo.

Vihisi vya mwendo vilipoletwa, vile vidude vinavyofungwa kiunoni na kwenye vifundo vya miguu ili kurekodi mtu anavyotembea, Bi Twende alivinunia. Alisema kikaoni kwamba ana macho mawili mazima, hahitaji saa ya mguuni. Vikaishia kabatini.

Aliyevitoa humo ni mgonjwa mmoja, fundi cherehani wa zamani. Kliniki alitembea vizuri, akigeuka kama askari wa gwaride, na Bi Twende akamsifu. Lakini mkewe alikuja analalamika: nyumbani mzee husimama mlangoni kama amepigiliwa misumari, akiambiwa apite hapiti, na ameshaanguka. Mama yule aliamini anafanyiwa kusudi. Walikuwa hawasemeshani, na watoto walishaamua kuwatenganisha, baba akaishi kwa kaka yao mkubwa.

Bi Twende akayameza maneno yake ya kikaoni. Akamfunga mzee vihisi, akamruhusu arudi navyo nyumbani kwa wiki nzima. Rekodi zilipofunguliwa kwenye kompyuta, yeye na daktari waliona wazi: dawa ikianza kuisha nguvu, miguu inaganda, hasa anapokata kona kuingia koridoni. Kliniki alikuwa akija muda mfupi tu baada ya kumeza dawa, ndiyo maana wote walidanganyika.

Siku ya kuelezwa majibu, mama alikodolea kompyuta macho, kisha akamgeukia mumewe. "Kumbe ni miguu, baba watoto! Mimi nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke niende wapi," mzee akajibu, "na miguu yenyewe hii?"

Chumba kizima kilicheka. Bi Twende alijifanya anatafuta miwani, ambayo alikuwa ameivaa. Daktari akapanga upya saa za dawa, naye Bi Twende akaenda mwenyewe nyumbani kwao kubandika tepu za rangi sakafuni mwa korido, mzee apate alama za kuvuka. Watoto wakaachana na mpango wao.

Tangu hapo akawa mhubiri wa vihisi. Jioni moja alijifunga kuvijaribu, akasahau kuvivua, akaenda navyo harusini kwa mpwa wake. Kesho yake daktari mgeni, aliyefungua rekodi hizo bila kujua ni za nani, alikuja mbio akitangaza kuna mgonjwa mahututi, anatikisika mwili mzima. Kucheza kwake muziki hakujawahi kusifiwa hivyo!

Leo wagonjwa wetu huenda nyumbani na vihisi kabla dawa zao hazijabadilishwa, na wanaovisoma ni vijana aliowafunza yeye.

Dada yetu, asante kwa ukali wako, kwa kicheko chako, na kwa kutuonyesha kwamba mkubwa naye anaweza kubadili mawazo mbele ya watu. Pumzika bila haraka, na maisha yako yawe mema kama ulivyoyafanya ya wengine.