Mfuko Mwekundu Kwenye Bawa

Ndugu zangu, kabla sijaanza naomba ule mlango uachwe wazi. Sina ubaya na mtu, ila napenda kumwona anayeingia na anayetoka. Mwenyekiti wetu alinisihi nisimame leo, na nawaambia ukweli, nilijiuliza kwanza anataka nini kwangu. Nimekaa na ninyi wajane wenzangu hapa Nyegezi muda mrefu nikiwa kimya. Wengine mlidhani nina maringo. Nilikuwa nawachunguza tu.

Mimi ni fundi wa makochi, kibanda changu kiko Mkuyuni. Mume wangu alikuwa rubani wa ndege ndogo. Alipostaafu alinunua ndege kuukuu ambayo wamisionari walikuwa wameiacha kwenye majani miaka na miaka, panya wamezaa ndani ya viti. Akaileta kwa lori mpaka shambani kwetu, upande wa Misungwi karibu na ziwa, akaijengea banda la mabati. Majirani walidhani tumeleta mashine ya kusaga.

Ndege yenyewe ni ya zile za zamani, mabawa yake si bati, ni kitambaa. Naona mnatazamana, lakini ndivyo ilivyo. Mifupa ni mbao na mabomba, unaivalisha kitambaa, unakishona kwenye mbavu za bawa, halafu unapaka dawa inayokikaza mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Mume wangu alishirikiana na rafiki yake, fundi wa ndege mwenye leseni, mtu wa familia ya Kiislamu ya siku nyingi hapa mjini. Wao walishughulika na injini na mifupa, wakasema kitambaa ni kazi yangu mimi. Sijashika hata sindano, mume wangu akaugua figo, tukamzika.

Matanga hayajaisha, kaka wa marehemu akaniuliza ile ndege nitaifanya nini. Nikamwambia nitaimalizia iruke, maana ndicho kitu marehemu alichokipenda mpaka mwisho na sitaki kife naye. Kumbe alikuwa ameshaongea na watu wa chuma chakavu waje kuikata, wakaiyeyushe iwe masufuria.

Baada ya hapo maneno yakaanza. Wengine walisema nataka kuvusha dhahabu, wengine wakasema mabondo ya sangara, vile vibofu vya tumboni mwa samaki vinavyouzwa ghali. Hayo niliyacheka. Lakini ile dawa ya kitambaa ina ukali wake, inawasha macho, na mimi nilikuwa naipaka tangu asubuhi hadi jua linashuka. Macho yangu yakawa mekundu. Ninyi ni watu wa huku, sina haja ya kuwaeleza mjane mtu mzima, mwenye macho mekundu, anayeshinda peke yake bandani na kitu cha kuruka, anasemwaje. Aliyekuwa ananiletea maziwa akawa anaacha chupa kwenye uzio, haingii tena. Mnajua wako wanawake waliouawa kwa maneno ya namna hiyo. Niliogopa sana.

Na mtu akishaogopa hivyo, naye anaanza kuwashuku wenzake. Nikawa natoka nyumbani na maji yangu ya kunywa. Mtu akinisalimia kwa furaha nashangaa kwa nini afurahi, akinisalimia kwa unyonge nashangaa amefanya nini. Kanisani nilihamia kiti cha ukutani ili asiwepo mtu nyuma yangu. Wewe mama unayecheka pale, nimekuona, na nafikiri unacheka kwa sababu unakijua hicho kiti.

Aliyebaki kuingia bandani kwangu ni yule fundi tu. Alikuwa na ufunguo wake. Akija, kitu cha kwanza anapita kwenye mishono yangu, anavuta mmoja mmoja kwa kidole. Mimi nimevalisha makochi ya watu wazito mji huu, hajawahi kutokea mtu wa kunivutia mshono. Nikasema moyoni, huyu anatafuta kasoro apate sababu ya kuninyang'anya ndege. Halafu akimaliza bolti zake ananiita na mimi nizitazame, nizishike, niseme nimeona. Hapo nikasema huyu anataka ikianguka lawama iwe ya wote wawili. Aliponieleza kwamba ndiyo desturi ya kazi yao, mmoja anafunga na mwingine anakagua, nilimwitikia tu.

Siku moja akaniomba nishone kifuko kidogo cha kitambaa chekundu, chenye kamba, cha kufunga chini ya bawa. Ndugu zangu, hebu fikirini. Kifuko chekundu, chenye kamba, tena kifungwe kwenye mali ya marehemu. Mimi ni Mkristo, najua hirizi inafananaje. Nikamjibu kitambaa chekundu kimeniishia, na robota zima lilikuwa kibandani. Hakunisukuma. Alisema tu, basi ukikipata, shemeji, usichelewe.

Haikupita muda mrefu, nikiwa nafuta vumbi, nikaona chini ya bawa, kwenye kile kibomba chembamba kinachopokea upepo ili rubani ajue mwendo wake, pameshindiliwa udongo. Umekauka, mgumu, umesawazishwa vizuri mdomoni. Kwetu udongo ukikutwa mahali usipopaswa kuwa, watu hawaulizi umetoka shamba gani, wanauliza umetoka kaburi gani. Na mwenye ufunguo mwingine ni mmoja. Nilishakataa hirizi yake, nikaona ameamua kunijia kwa njia hiyo.

Sikumwuliza. Hapo ndipo nilipoanguka, msitafute mahali pengine. Nilibadilisha kufuli, akija namwambia kupitia dirishani kwamba naumwa. Alikuja, akarudi, akaja tena, mwishowe akaacha. Nikampigia simu kaka wa marehemu, nikamwambia awalete wale watu wake wa chuma chakavu. Nilikuwa nimechoka. Niliona bora masufuria, sufuria haimpi mtu cha kusema.

Asubuhi ya siku waliyoahidi kuja, niliingia bandani nikafumue kitambaa changu, maana sikutaka wakichane na mapanga. Nikakaa chini ya bawa na mkasi. Nikasikia mlio mwembamba. Nyigu alikuwa anaingia kwa dirisha la upande wa ziwani, mweusi, kiuno kama uzi, amebeba kidonge cha tope. Akazunguka, akaenda moja kwa moja kwenye bomba lingine dogo, la kupitishia hewa ya tenki, akaingia. Akatoka mtupu. Akarudi na tope jingine. Nilikaa pale nikimtazama anavyosawazisha mdomo wa lile bomba kwa miguu yake, taratibu, hana wasiwasi na mtu.

Nikasimama nikachokonoa ule udongo wa kwanza kwa sindano. Ndani mlikuwa na buibui wadogo, wamepangwa, na funza wa nyigu katikati yao akila. Basi. Ndiyo kaburi lenyewe lililonigombanisha na rafiki wa mume wangu. Ndipo nikaelewa, kile kifuko chekundu kilikuwa cha kuziba bomba lile la upepo ndege ikiwa imelala, chekundu ili rubani asisahau kukivua. Rubani akiruka na bomba limeziba, hajui mwendo wake, na watu wanakufa.

Nikampigia kaka wa marehemu kwamba wasije. Alifoka, nikamwachia simu ifoke mezani. Nikaenda nyumbani kwa fundi. Mke wake alinifungulia, akanitazama macho, akaniachia mlango bila kunikaribisha. Sikukaa. Nikamweleza fundi yote mbele ya mkewe, udongo, hirizi, kufuli, na kwamba nilimdhania mchawi. Nilitegemea anifukuze.

Fundi akashika paji la uso, akasema, "Shemeji, chai yako nilikuwa namwaga."

Nikamwuliza chai gani.

"Ile unayonipa nikija kazini. Nilikuwa naimwaga nyuma ya banda. Dawa ile naijua, najua inafanya macho mekundu, nimeipaka tangu ujana. Lakini watu walivyosema, nikaogopa. Nilikuwa nakuja kwa sababu ya marehemu tu."

Ndugu zangu, mimi nilicheka mpaka nikakaa bila kukaribishwa. Mke wake ndiye aliyelia.

Tukarudi kazini. Sikuacha kushuku, msije mkadhani nimepakwa mafuta nikabadilika. Ila mle bandani niligundua kushuku kuna mahali pake. Anavuta mshono wangu mbele yangu, nami nageuza bolti yake mbele yake, tunaulizana kwa sauti na hakuna anayenuna. Wakaguzi wa serikali walikuja, wakarudi, wakakagua tena, mwisho wakaipitisha. Rubani alikuwa binti ambaye mume wangu alimfundisha.

Siku ya kwanza kuruka, watu walijaa pembeni ya uwanja wa majani. Kaka wa marehemu alisimama mbali ameinua simu anarekodi, sijui kwa ajili gani mpaka leo. Fundi akasema desturi inataka walioitengeneza wapande. Nikamtazama kama atatangulia. Naye akanitazama hivyo hivyo. Tukapanda pamoja, kila mmoja kwa mlango wake.

Tulipopita juu ya maji nilitazama bawani. Kitambaa kilikuwa kimetulia, kinafanya kazi yake. Na hapo nikaanza kulia. Tangu mume wangu afe sikuwa nimemlilia. Msibani nilikuwa nawaangalia wanaoangalia vyombo vyangu. Baada ya msiba nililinda kufuli. Mwanamke anayelinda hana nafasi ya kulia, nami nililinda mpaka nikasahau ninalinda kwa sababu nani amekufa. Nililia kwa sauti juu ya ziwa, na injini ile ina kelele, asante Mungu. Fundi aliketi nyuma yangu. Hakunigusa, akageuka akatazama dirishani kwake mpaka tukatua.

Namshukuru yeye, na mke wake ambaye sasa tunatembeleana. Namshukuru yule binti. Nawashukuru ninyi mlionivumilia nikiwakodolea macho kila kikao. La kuwaachia ni moja. Ukiona udongo mahali usipouelewa, muulize mtu wakati bado anagonga mlango wako. Akiwa mbaya utamjua kwa jibu lake.

Na kama yupo hapa ambaye bado hajamlilia marehemu wake kwa sababu yuko lindoni, aje kwangu Mkuyuni. Nitamhoji kwanza, nitataka kujua nani kamtuma. Halafu nitafunga kibanda, nimkalishe kwenye kochi nililolishona mwenyewe, na atalia mpaka amalize.