Tumbo Lililobaki Nchi Kavu

Tulikuwa ndani ya basi tukitoka kumzika mchungaji wa Wabatisti kijijini, na mvua iliyoanza makaburini ilikuwa bado inatufuata. Mbele yangu mwenye bucha, pande la mtu, alilia kuliko mjane. Nikadhani ni mapenzi. Kumbe ni tumbo.

"Mama, mimi tumbo langu halijabatizwa," alimwambia fundi cherehani aliyekaa naye, ingawa hawakujuana. "Mwaka ule wa ukame mto ulifika magotini tu. Mchungaji akanilaza chali, mwili wote ukazama, tumbo likabaki juu kama kisiwa. Akalisukuma kwa mikono miwili, likarudi."

"Si angelikalia?"

"Alilikalia. Likambeba."

Mama wa watu akajiziba mdomo kwa leso, maana msiba ni msiba. "Basi angekumwagia hata kikombe."

"Kwetu ni maji mengi, mama! Mimi si mchicha wa kunyunyiziwa. Akaniahidi, 'Tutalimalizia mvua zikija.' Kila nikimkumbusha, anasema anasubiri mto ujae. Sasa ametutoka. Mbinguni nitaingiaje?"

"Kinyumenyume, baba. Mgongo si ulibatizwa?"

Mara basi likasimama ghafla. Daraja halikuonekana. Kondakta akapaza sauti kwamba maji ni ya kifuani, tushuke tuvuke kwa kushikana mikono.

Fundi aliutazama mto, akalitazama tumbo.

"Fungua vifungo, baba," akasema. "Mchungaji amekuletea maji."